Jibu: "petard" kwenye Hamlet si kamba

Mkuu, umeuliza kama petard ni kitanzi, kwa sababu ya lile neno hoist kwenye mstari wa Hamlet, tamthilia ya Shakespeare: "hoist with his own petard". Hapana, ni baruti: chombo cha chuma chenye umbo la kengele, kilichobanwa kwenye lango la ngome ili kulipasua. Utambi ukiungua haraka kuliko ilivyotarajiwa, fundi mwenyewe anarushwa. Hoist hapo ni umbo la kale la kutendwa la hoise, yaani karushwa juu, si kaning'inizwa.

Mstari uko sehemu ya 3, onyesho la 4. Kitabu chako kikifuata Folio ya 1623 (mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare) hutauona, umo kwenye Kwarto ya Pili tu (chapa ya awali ya Hamlet peke yake, 1604–05). Ukitafsiri, "mchimba kisima huingia mwenyewe" inakaribia, lakini mlipuko unapotea, na mara tu baadaye Hamlet anaapa kuwalipua wanaomtega hadi mwezini.