Hicho si choa, ami

Ami, umenitumia picha ya viwiko vya mwanao ukisema ni choa, ule ugonjwa wa ngozi wa fangasi, lakini mimi naona vinafanana zaidi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioletwa na fangasi. Tazama magamba: manene, meupe ya kung'aa kama ya samaki, yamefunika baka zima, na viwiko vyote viwili vimefanana. Choa hakiendi hivyo. Chenyewe huwa duara, ukingo ndio ulioinuka wenye magamba, katikati pameanza kusafika, na aghalabu hukaa upande mmoja. Ule wekundu wa kwenye vitabu usiutafute, kwa ngozi zetu hutoka zambarau au kahawia iliyoiva.

Mtazame na kucha. Zikiwa na vishimo vidogo kama zimechomwa sindano, au kichwani kuna magamba mazito yaliyovuka mstari wa nywele hadi kwenye paji, mimi naegemea soriasisi zaidi. Nimekaa miaka kliniki ya ngozi hapa Chake Chake, Pemba, na kucha ndizo watu wanazosahau.

Ila picha haimalizi kazi. Maabara watakwangua magamba kidogo, wataweka tone la potasiamu haidroksaidi, kemikali ya kuyeyusha magamba, na kutazama kwa darubini. Nyuzi za fangasi zikionekana, basi nimekosea mimi. Kabla ya hapo usimpake ile krimu ya steroidi uliyopewa na jirani. Choa kikipakwa hiyo hupoteza duara lake na kuenea, halafu hata sisi tunababaika.