Re: Ukoo wa wakwe zangu Massachusetts – USICHAPISHE hicho kitabu!

Mkuu, simamisha oda ya kitabu leo hii. Salamu baadaye.

Unasema mti wa ukoo wa mkeo umefika miaka ya 1600 kwa sababu kuna "Samuel Senior" na "Samuel Junior" katika mji mmoja, basi lazima ni baba na mwana. Nani kakwambia? Mimi niliambiwa hivyohivyo na jamaa anayejiita mtafiti wa nasaba. Nikamlipa, nikachapisha kitabu cha jalada gumu, nikakigawa ukweni siku ya mkutano wa ukoo. Mmatumbi mimi nawaletea Wamarekani historia yao, kichwa juu! Baba mkwe akasimama kusoma majina kwa sauti. Hajamaliza ukurasa wa pili, shangazi wa mke wangu akafungua mkoba, akatoa nakala ya wosia wa huyo Senior. Watoto wote wametajwa, hadi mabinti na waume zao. Junior wetu hayumo. Yuko chini kabisa ya karatasi, kwenye mashahidi. Jirani! Kaitwa kuja kutia saini, mimi nimempa urithi wa vizazi vitatu.

Zama zile, Senior na Junior yalitenganisha tu wenye jina moja mjini, mzee na kijana. Wangeweza kuwa mtu na baba yake mdogo, au wasihusiane kabisa. Tena mzee akifa, Junior anapanda anakuwa Senior, kwa hiyo mtu yuleyule unamkuta kwenye rekodi kwa majina mawili. Mtafiti analipwa ajue hayo. Wangu alinakili miti ya mtandaoni ambayo nayo ilinakiliana, na nilipombana akanijibu eti "rekodi za zamani ndivyo zilivyo". Rekodi zimekukosea nini wewe? Angalau Gustave Anjou, yule aliyewauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi kabla ya kufa 1942, alikuwa na ufundi.

Sasa shika hili: bila wosia, faili la mirathi, hati ya shamba au rekodi nyingine ya zama zile inayowataja, usiseme huyo ni baba yake. Hati za shamba usizidharau, maana warithi wakiuza kiwanja cha marehemu mara nyingi wanatajwa wote na wake zao. Sensa ya Marekani haitakuokoa. Kuanzia 1790 hadi 1840 inaandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru, na uhusiano wa watu na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi 1880.

Halafu usije ukamtangaza bibi wa watu kuwa alizaa nje ya ndoa. Ukiona harusi Aprili 1731 na mtoto Februari 1731, tulia. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao, Massachusetts ikiwemo, ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja miezi kumi baada ya harusi. Hilo nalo mtafiti wangu alilikosa, na mama mkwe hakucheka.

Uliuliza pia kipimo cha DNA na kitu kingine sikikumbuki. Wosia kwanza. Ukiupata, weka picha yake hapa tuusome pamoja. Ile s yao ndefu inafanana na f, isikubabaishe.