Kabla hujamsumbua admini: nilivyoseti klaenti ya OpenStack kwenye teminali

Siku ya kwanza kupewa akaunti ya OpenStack (programu ya kuendesha klaudi, yaani seva, diski na netiweki unazozitumia kwa mbali) nilimsumbua admini mara tatu, kila mara namwambia paswedi uliyonipa haifanyi kazi, na yeye bila kinyongo ananibadilishia, najaribu tena, HTTP 401, yaani seva imekataa kunitambua. Sasa paswedi zote tatu zilikuwa sawa kabisa. Mimi ndo nilikuwa nimekopi maelekezo ya kizamani halafu nikayachanganya na mapya.

Kwa asiyejua, Keystone ndo huduma ya utambulisho ya OpenStack, ichukulie kama mlinzi wa getini: unampa jina na paswedi anakupa tokeni, na hiyo tokeni ndo unazunguka nayo kwenye huduma zingine zote za seva, diski na netiweki. Zamani alikuwa na komandi yake mwenyewe, `keystone`, siku hizi kila kitu kiko ndani ya `openstack`. Kwahiyo ukikuta maelekezo yanakwambia uandike `keystone user-list`, au yana `OS_TENANT_NAME`, au anwani inaishia na `/v2.0`, yafunge tu hayo, v2.0, ile njia ya zamani ya kuongea na Keystone, iliondolewa kwenye toleo la OpenStack liitwalo Queens mwaka 2018 na sasa hivi tunatumia v3. Mimi nilikuwa nayo yote matatu.

Kuinstoli hakuna maajabu. Tengeneza mazingira ya pembeni kwanza maana Debian na Ubuntu za karibuni zitakugomea ukitumia pip (kiinstola cha programu za Python) moja kwa moja kwenye mfumo:

`python3 -m venv ~/osc`
`source ~/osc/bin/activate`
`pip install python-openstackclient`

Angalia hapo, ni openstackclient, sio keystoneclient, ile ya pili ni laibrari tu ukiinstoli utabaki unaitafuta komandi hadi uchoke.

Sasa kwenye kulogini ndo penye kazi. Watu wengi wanaanza na lile faili la openrc unalodaunlodi kwenye dashibodi, unaandika `source` inakuuliza paswedi basi umeingia. Sio mbaya, ila lile faili linajaza vigezo vya mazingira vinavyoanza na `OS_` kwenye teminali yako na vinabaki humo mpaka uifunge. Mimi nilikuwa na klaudi mbili, ya majaribio na ya kazi, nika-source faili la kwanza, baadae la pili, na faili la pili halikutaja kila kitu kilichokuwa kwenye la kwanza. Matokeo yake jina la mtumiaji la huku, domeni ya kule, na Keystone haitakwambia umekosea wapi, makusudi kabisa, ili anayebahatisha paswedi asijue kama jina lipo au halipo. Inasema tu 401 na kunyamaza. Siku hizi kitu cha kwanza nikiona 401 ni `env | grep OS_`, kabla hata ya kufikiria paswedi, na nikikuta mabaki nafungua teminali mpya.

Ushauri wangu achana na openrc, tumia `clouds.yaml`, faili moja linaloweka klaudi zako zote kila moja na jina lake. Liweke `~/.config/openstack/clouds.yaml`, liandike hivi:

```
clouds:
  majaribio:
    auth:
      auth_url: https://anwani-ya-klaudi:5000/v3
      username: jina-lako
      password: paswedi-yako
      project_name: mradi-wako
      user_domain_name: Default
      project_domain_name: Default
    identity_api_version: 3
```

Nafasi za mwanzo wa mstari ni spesi sio tabo, YAML, huo mtindo wa kuandika faili, haina utani na tabo. Na zile domeni mbili usiziruke, kwenye v3 jina lako liko ndani ya domeni na mradi nao uko ndani ya domeni, ukiruka moja unaweza kukataliwa na ukadhani seva ndo mbovu. Kama admini amekupa domeni nyingine andika hiyo, Default ni ile inayokuja yenyewe.

Halafu `chmod 600` kwenye hilo faili, tafadhali, kuna paswedi humo, na usije ukalisukuma kwenye git.

Kujaribu: `openstack --os-cloud majaribio token issue`. Hiyo tu. Usianze na kutengeneza seva wala kuorodhesha imeji, maana ikifeli hutajua kama ni utambulisho au ni huduma nyingine. Tokeni ikitoka, mlinzi amekupitisha, kinachokataa baada ya hapo mara nyingi ni ruhusa na itakuja kama 403, hiyo sasa ndo ya kumpelekea admini. Ikifeli ongeza `--debug` uone inagonga anwani gani, ila usikopi yale maandishi yote ukayabandika kwenye grupu, yanaweza kuwa na vitu vya siri.

Kwa skripti zinazojiendesha zenyewe usiweke paswedi yako kabisa, tengeneza `openstack application credential create skripti-yangu`, itakupa kitambulisho na siri, na siri inaonyeshwa mara moja tu kwahiyo itunze hapo hapo. Kwenye faili unaweka `auth_type: v3applicationcredential`, na chini ya `auth` unabakiza `auth_url` na hivyo viwili tu, `application_credential_id` na `application_credential_secret`. Mimi niliacha `project_name` ikae nikidhani haidhuru, ikakataa, kwa sababu hiyo kredensho tayari imefungwa kwenye mradi mmoja na hairuhusiwi kuomba mwingine. Raha yake ni kwamba ukibadilisha paswedi yako skripti haifi.