Riwaya ya Kuanzia kwa Mpenzi wa Hadithi za Wachawi Chipukizi
Ndugu yangu, umeuliza binti yako wa miaka 13 aanze na riwaya ipi ya vijana wanaojifunza uchawi, maana nyingi alizojaribu aliziacha njiani. Mpe A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968, ambamo Ged, mwanafunzi mwenye kipaji na kiburi katika shule ya kisiwa cha Roke, anataka kumwonyesha mwenzake umahiri wake na badala yake anafungulia kivuli kinachomwandama kila aendako. Uchawi wa humo una gharama, na hapo ndipo riwaya nyingi za aina hii hupwaya, kwa kuwa mhusika akiweza kila kitu, msomaji hana cha kumhofia. Lugha yake ni nzito kidogo. Someni pamoja sura ya kwanza, kisha mwachie aendelee mwenyewe.