Taasisi yako ikitaka kufanya kazi na halmashauri, kaa na afisa mipango kwanza

Nimefanya kazi kwenye taasisi za hisani miaka mingi sasa, sehemu kubwa nikizunguka halmashauri za Kanda ya Ziwa, na wenzangu wanaoanzisha taasisi zao swali lao kubwa ni moja tu, tunaipataje serikali iwe upande wetu? Wengi wanafikiri dawa ni kumjua mkuu wa mkoa au kupiga picha na waziri. Hapana jamani. Serikali iko na wewe siku kazi yako inapoingia kwenye bajeti yake, ikapata kasma, yaani fungu lake la fedha, na mtumishi wa kuisimamia, kabla ya hapo bado ni maneno matamu tu ya kikaoni.

Chukua zahanati. Kila anayevijua vijiji vyetu anajua maboma, wananchi wamejichanga tofali, mchanga na nguvu zao wakapandisha ukuta mpaka kwenye lenta, halafu wanasubiri serikali ije ipaue na kumalizia. Taasisi inapita, inaona boma, roho inauma, inaleta mabati, inapiga lipu na rangi, utepe unakatwa, watu wanacheza ngoma. Sasa ndani kuna nani? Muuguzi hayupo maana hakuna aliyemwombea nafasi kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaotakiwa kituoni, dawa hamna maana kituo hakijasajiliwa na kama hakijasajiliwa hakina mgao wa Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali. Nimeona majengo mazuri kabisa yamepigwa kufuli kwa staili hiyo na kinamama wajawazito wanayapita wakienda kujifungulia mbali. Inauma sana, kwa sababu hela ilikuwepo, kilichokosekana ni mazungumzo ambayo yangefanyika kabla hata bati la kwanza halijanunuliwa.

Kwa hiyo nenda halmashauri mapema. Barua yako itaanzia kwa mkurugenzi, hilo halina mjadala, na umuheshimu, lakini wa kukaa naye saa mbili tatu mkipitia makaratasi ni afisa mipango, na kwenye afya ni mganga mkuu wa wilaya pamoja na katibu wake wa afya. Hao ndio wanajua kituo gani kipo kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na kipi hakipo, wapi wanategemea kupata watumishi, boma lipi limeshatengewa hela ya serikali kuu ili msije mkagongana. Usiende na andiko la mradi lililokamilika ukawaomba saini. Nenda na unachoweza kutoa, waulize kina nafasi wapi, halafu nyamaza usikilize.

Halafu kuna suala la muda, na hapa ndipo taasisi nyingi zinakwama. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai lakini bajeti yake inaandikwa miezi mingi nyuma, vijiji vinaibua vipaumbele, vinapanda kamati ya maendeleo ya kata, halmashauri inakusanya, baraza la madiwani linapitisha, inaenda mkoani, mwisho Bunge la bajeti kuanzia Aprili. Ukitokea Mei utapokelewa vizuri, utapewa chai, na hutaingia popote mpaka mwaka mwingine. Mimi nawaambia watu, Oktoba uwe umeshakaa nao, na diwani wa kata husika awe anaijua hoja yako vizuri kiasi kwamba ataitetea barazani wewe ukiwa haupo.

Kwenye hati ya makubaliano, andikeni nani atalipa nini mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza hauna shida, kila mtu ana hamu. Mwaka wa tatu mkurugenzi ameshahamishwa, mganga mkuu ni mpya, na anayekumbuka mlichokubaliana ni karatasi tu. Mashirika ya dini yametutangulia mbali kwenye hili, kuna makubaliano yao na serikali ya mwaka 1992, na ukiangalia hospitali teule utaona, hospitali ni ya kanisa lakini inahudumia kama hospitali ya wilaya na serikali inachangia mishahara na ruzuku kwa mkataba. Mizozo ipo, hela zinachelewa, ila kuna pa kusimamia. Na Benjamin Mkapa Foundation, iliyoanzishwa 2006, iliajiri wahudumu wa afya kwa mkataba ikawapeleka wilaya zenye mazingira magumu, wazo likiwa kwamba baadaye waingie kwenye ajira ya serikali. Yaani swali la mishahara italipwa na nani baadaye liliulizwa mwanzoni kabisa.

Anayeona hili ni jambo dogo akumbuke Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi waliokuwa wanalipwa na miradi ya UKIMWI walijikuta nyumbani ghafla, na mgonjwa wa dawa za kila siku hana namna ya kusubiri wakubwa waelewane.

Posho nayo niiseme wazi maana watu wanaikwepa. Utaombwa posho ya kikao, ya safari, ya mafuta. Lipa kwa viwango vya serikali, viandike kwenye bajeti yenu, basi. Ukilipa zaidi ili upendwe unamuumiza mwenzako mwenye mfuko mdogo na unawafundisha watu kuja kwenye kikao kwa ajili ya bahasha. Usipolipa kabisa kwa mtu uliyemtoa kituoni kwake kilomita themanini, hapo pia unamwonea.

Usajili wenu uwe safi, ripoti za mwaka ziende kwa Msajili wa NGOs, na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya apate nakala bila kukumbushwa, maana wasiwasi mwingi wa serikali kuhusu taasisi unatokana na kutojua hela zimetoka wapi na zimeenda wapi.

Na siku ya makabidhiano, kabla ya hotuba, hakikisha kila kitanda, mashine na sola imeandikwa kwenye daftari la mali za halmashauri. Kisichokuwa kwenye daftari hakitengewi hela ya matengenezo, kikiharibika mtapigiwa simu nyie.