Ndege wa maji Tanga: kusi nako kuna wageni wake

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kubeba darubini, maana unahamia Tanga kikazi mwezi wa sita na umeambiwa ndege wa maji huondoka Aprili na hawaonekani tena hadi Septemba. Ibebe. Aliyekuambia amesema nusu tu. Wanaoondoka Aprili ni wageni wa kaskazini, wanaokwenda kuzaliana Siberia na Arabuni. Wenyeji hawaendi popote, na kusi likishaanza kuvuma wanakuja wageni wengine kutoka Madagaska. Mimi nimekulia pwani hii na nazunguka mwaka mzima, na ukiniuliza msimu niupendao, sitataja Januari.

Ukifika mwezi wa sita masika yatakuwa yamekwisha, ila maji yake bado yamelala kwenye mabonde ya mpunga na madimbwi ya matete. Anzia huko kabla ya kwenda baharini. Utamkuta kweche dume. Wakati wa kiangazi humtambui, anafanana na shomoro yeyote, lakini mvua ikinyesha hubadili manyoya akawa mwekundu wa kuwaka na tumbo jeusi. Hutua juu ya tete, akajitunisha, akaruka taratibu hadi tete la pili, kusudi majike wamwone. Na penye mayungiyungi tafuta ndege wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyo dume ndiye analalia mayai na kulea. Hatari ikitokea huwabana makinda chini ya mabawa akaondoka nao, na unachoona ni vijiguu vinavyoning'inia ubavuni. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege mmoja mwenye miguu mingi.

Sasa hao wa Madagaska. Keremkerem wao utawaona hata bila kutoka mjini, kwenye nyaya za umeme, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hivi. Angalia utosi: wa Madagaska ana utosi wa kahawia. Kuna mwenzake wa kijani mpaka kichwani, mwenye buluu mashavuni, anayekuja kutoka kaskazini kuanzia Oktoba. Wengi huwachanganya, ndipo watu husema keremkerem wapo mwaka mzima.

Wa thamani zaidi ni kongoti mdogo wa Madagaska. Huyu yuko hatarini kutoweka duniani. Huzaliana kwao wakati wa mvua zao, kisha karibu Mei anavuka bahari kuja Afrika Mashariki, na hurudi Oktoba. Akiwa kwetu hana uzuri wa kukusimamisha: kahawia, michirizi minene shingoni, amejikunyata ukingoni mwa dimbwi. Akiruka tu, mabawa yanafunguka meupe kabisa. Wenyeji wetu wa aina hiyo nao wana mabawa meupe, kwa hiyo usiamue kwa mabawa. Tazama domo, la Madagaska ni nene zaidi, na mgongo wake una kahawia iliyokoza. Ukiwa na shaka piga picha, ya simu inatosha kama uko karibu.

Baharini ni hesabu nyingine. Huko usiulize mwezi gani, uliza maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa ufukwe wetu hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, yakapwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Watu wengi huja asubuhi hiyo, maji yamepwa, wakakuta ndege wametawanyika kwenye matope yasiyo na mwisho, wakaona vidoadoa tu. Nenda alasiri. Maji yanapopanda yanawasukuma ndege wote kuja nchi kavu, na jua liko nyuma yako. Matope yakifunikwa wanahamia mahali pakavu, na mahali pazuri kuliko pote ni mashamba ya chumvi, kama yale ya upande wa Mkinga. Omba ruhusa kwa wenye shamba. Simama kwenye mabwawa ya mwanzo yanayopokea maji ya bahari, maana ndiko kwenye chakula. Ya mwisho, chumvi inapoganda, mara nyingi hayana ndege. Kama hujui bamvua ni lini, waulize akina mama wanaovua pweza. Siku zao za kazi ni hizo hizo.

Kuanzia mwisho wa Agosti wageni wa kaskazini wanarudi: sululu, chamchanga wa kila aina, vitwitwi. Na anakuja yule ambaye kwangu ndiye ndege wa Tanga: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, domo nene jeusi la kuvunjia kaa. Duniani hana ndugu, yuko peke yake katika familia yake. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Arabuni na jirani zake, akichimba shimo refu na kutaga yai moja jeupe ndani yake. Kinda hutoka shimoni akalishwa na wazazi, na bado hulishwa wakishafika kwetu. Niliwahi kuwatazama upande wa Tongoni, mzazi na mtoto wa kimo kilekile. Mzazi alikimbia hatua chache, akasimama, akamnasa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikaanza kukatika. Mtoto nyuma yake analia na kuinamisha shingo kama mtoto anayedai andazi. Mzazi aligeuka mara mbili kumpa mgongo, kisha akampa mwili wa kaa, yeye akaokota miguu.

Desemba hadi Februari wamejaa, sina la kuongeza.

Machi na Aprili nakuomba jambo. Wakati huo wengine wanabadili rangi, chamchanga wa domo lililopinda anakuwa mwekundu wa tofali, na wote wanakula mchana na usiku kuweka mafuta ya safari. Kila wanaporushwa wanapoteza mafuta hayo. Usiwasogelee kwa ajili ya picha, na ukiona watoto wanawatupia mawe, waite, wape darubini waangalie. Nimeona jiwe likianguka lenyewe mkononi.

Basi kwa mwezi wa sita: asubuhi madimbwi ya barabara ya Pangani, alasiri ya bamvua pwani. Wachache wa kaskazini, hasa wachanga wa mwaka wa kwanza, hubaki kusi lote, kwa hiyo hata sululu utampata. Ukienda Tongoni au Kigombe kumbuka ni ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Ulizia utaratibu kwanza. Utafikia mtaa gani? Kama ni Raskazone, niambie, kuna kona pale ya kutazamia membe na yangeyange bila kulowa miguu.