Darasa la saba: tuisheni ya nini?

Mama Neema, umeuliza wanasoma nini darasa la saba, na kama umpeleke mtoto tuisheni hapo Moshi. Masomo ya mtihani wa Septemba wa kumaliza shule ya msingi ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila moja lina alama 50.

Mimi ningeanzia Hisabati. Wangu alikwama kwenye faida, nikambeba Jumamosi hadi soko la mitumba la Memorial. Kiatu cha mtumba umenunua 20,000, umeuza 25,000, faida asilimia ngapi? Akajibu haraka, 20. Kumbe aligawa 5,000 kwa bei ya kuuzia! Ni 25, maana unagawa kwa bei ya kununulia. Muuzaji alicheka sana, ila kosa hilo hajalirudia. Na asisitizwe kuonyesha njia, siyo jibu tupu.

Kiingereza usikidharau kama anasoma shule ya serikali. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, hapo ndipo wengi huzama. Akusomee aya moja kila jioni, akueleze kwa Kiswahili.

Tuisheni ya hadi usiku, mama, hapana. Mtoto anasinzia tu.